Kioo cha Katikati

Watu wakinikuta barazani huniuliza habari za lile gari, na wanachotaka ni kucheka. Nami huwapa. Huwaambia nilivyopaka viti samli ili ngozi isipasuke, mbwa wa kambi nzima wakahamia mlangoni kwangu. Huwaambia nilivyoziba rejeta kwa unga wa muhogo, maji yakachemka, uji ukaruka hadi kwenye kofia ya polisi. Wanacheka mpaka wanashika mbavu, kisha wanaaga. Mimi nabaki na jambo lingine ambalo hakuna aliyewahi kuniuliza. Leo nalisema, na mtu asinikatize.

Gari lenyewe lilikuwa refu, jeusi, lenye madigadi mapana ya pembeni na taa mbili kubwa kama sufuria. Lililetwa kabla ya vita kwa ajili ya wakubwa wa mgodi waliokuwa wakija Geita kutazama dhahabu yao. Nyuma palikuwa chumba hasa: kiti kipana cha ngozi, mapazia ya hudhurungi, zulia. Kati ya chumba hicho na dereva kulikuwa na kioo kizima, cha kupandisha na kuteremsha kwa kuzungusha mkono, ili mabwana wazungumze mambo yao bila dereva kusikia. Mimi nilikuwa fundi wa karakana ya mgodi, na kila gari lile lilipokohoa niliitwa mimi. Vita vilipoanza petroli ikawa adimu, mabwana wakaacha kuja, gari likasukumwa bandani, kuku wakatagia ndani. Vita vilipokwisha mabwana wapya walikuja na magari mapya. Meneja akaniambia, "Lichukue wewe. Ilimradi litoke hapa."

Basi ndivyo nilivyopata gari la kifahari, mimi mtoto wa Kishapu niliyekulia nyuma ya mikia ya ng'ombe. Wenzangu karakana waliniita Bwana Mkubwa kwa kejeli. Kichwa kilinivimba, sitasema uongo.

Mke wangu hakuvimba kichwa. Yeye alikuwa wa Samuye, binti wa wafugaji, na ulimi wake ulikuwa mkali. Siku nilipolileta alilizunguka mara mbili, akalipiga ubavuni kwa kiganja. "Umeniletea ng'ombe mzee," akasema. "Hazai, hakamuliwi, na sokoni hauziki. Haya, mfunge hapo nje."

Safari ya kwanza, tulipokuwa tunatoka Katoro kununua mihogo, springi ya nyuma ilikatika. Zile springi za bapa, vyuma vilivyolaliana. Nilirudi mwendo wa kinyonga, gari limelala upande. Mashine ya kuunganishia chuma ilikuwa ya mgodi, na kazi ya mtu binafsi haikuruhusiwa. Nikakaa chini nikatukana. Mke wangu akaja na ndoo, ndani yake ngozi mbichi ya ng'ombe aliyoiloweka. "Ninyi mafundi mnajua chuma tu," akasema. "Shika huku." Tukaizungusha kwenye springi, duru juu ya duru, yeye akivuta huku amekanyaga gurudumu kwa mguu mmoja, kanga imefungwa kiunoni kwa kazi. Jua lilipoikausha ile ngozi ilikaza mpaka chuma kikalia. Ilidumu mwaka mzima.

Toka siku hiyo tulikuwa mafundi wawili. Mkanda wa feni ukikatika, anasuka mwingine wa ngozi. Mpira wa maji ukipasuka, ngozi. Nilikuwa nikilala chini ya gari, naona miguu yake tu ikipita huku na huko, na maneno yake yakinishukia: umekaza? hujakaza, mimi nasikia linavuja. Hatukujaliwa mtoto, na watu wa kambini walisema tunalea gari. Waseme. Zile zilikuwa Jumapili nzuri kuliko zote nilizowahi kuwa nazo.

Kile kioo cha katikati nilikitoa mapema. Kilinizuia kupakia magunia na kuni, na yeye alikuwa akitaka dirisha la kioo. Nyumba za kambi zilikuwa na madirisha ya mbao. Ukifunga mvua isiingie, umekaa gizani. Nikakijengea kwenye ukuta wa chumba cha mbele kwa saruji, imara, kwa ufundi wangu wote. Alikaa hapo akisuka vikapu na kutazama njia. Nyumba yetu peke yake ndiyo iliyokuwa na kioo, na alikifuta kila asubuhi.

Sasa lazima nieleze jambo la kwetu, maana pasipo hilo hamtanielewa, mtaniona mwehu tu. Usukumani mama mkwe haonwi ovyo. Miaka saba ya ndoa sikuwahi kuona uso wa mama wa mke wangu. Nikimwona mbali njiani, naingia porini na kugeukia miti mpaka apite. Nikifika kwake, nachutama nje ya uzio na kusema, "Mwadila, mayu," naye ananiitikia kutoka ndani. Mayu ni mama kwa Kisukuma. Vijana wa leo hudhani tulikuwa tunachukiana. Hapana! Ilikuwa heshima, na ilikuwa na utamu wake. Nilijua kikohozi chake. Nilijua mtindi wake, aliokuwa akiniwekea kwenye kibuyu pembeni ya njia, nikila na kusifu kwa sauti ili asikie. Lakini kukaa naye mahali pamoja, pumzi yangu na yake zikutane, ingekuwa kama kumvua nguo mbele za watu.

Mke wangu alianza kuvimba miguu baada ya mavuno ya pamba. Kisha mikono, kisha uso. Alicheka mwanzoni, akasema ananenepa uzeeni. Masika yalipoanza hakuweza tena kuinuka mkekani, nikambeba mpaka kwenye gari, nikampeleka hospitali. Daktari alimtazama siku tatu. Jumatatu asubuhi alinivuta kando akaniambia ni figo, na kwamba kama kuna jamaa zake wa kuwaita, niwaite sasa. Alisema "sasa". Nalikumbuka neno hilo.

Nilirudi kitandani, nikajitia uso wa kawaida. Yeye hakuwa mtoto. "Namtaka mama," akasema. "Kaniletee mama." Hakutaka kitu kingine, si dawa wala chakula. Alitaka kumwona mama yake kabla hajafa, na mtu wa kumleta nilikuwa mimi.

Barua ingechukua wiki mbili. Treni ya kutoka Shinyanga kwenda Mwanza ilikuwepo, lakini bibi yule hakujua Kiswahili, hakuwahi kufika hata stesheni, na Mwanza angeanzia wapi kutafuta njia ya kuvuka maji mpaka Geita? Malori ya pamba msimu wake ulikuwa umepita. Kumpa dereva mwingine gari langu kusingefaa. Halikuwa gari la kuendeshwa na mtu asiyejua magonjwa yake, lingemfia Ushirombo. Kwa hiyo nilikuwa mimi na gari lile. Njia ya Kahama, siku moja na nusu kwenda kama Mungu akipenda, na kurudi vivyo hivyo.

Petroli nilikuwa nayo. Matairi yalikuwa bado mazima. Mchana ule ule wa Jumatatu ningeweza kuondoka.

Nilifungua mlango kuweka debe la maji, nikatazama ndani, nikaona jinsi palivyo wazi. Toka usukani hadi kiti cha nyuma hapakuwa na kitu. Mama mkwe wangu angekaa wapi? Siku moja na nusu, kisogo changu mbele ya macho yake, kikohozi changu na chake ndani ya sanduku moja! Nikajisemea, atakataa kupanda. Na akikataa pale Samuye nitamwambia nini mke wangu? Nikajisemea vilevile, hata asipokataa, nitakuwa nimemfedhehesha mwanamke mzima siku ambayo mtoto wake anakufa. Akili yangu ilikwenda moja kwa moja kwenye kioo. Mabwana walikiweka ili dereva asisikie siri zao. Mimi nilikiona kimetengenezwa kwa ajili ya mkwe, kana kwamba aliyelibuni gari lile Ulaya alikuwa Msukuma.

Wenzangu wa nyumbani pale karakana waliniunga mkono. "Huyo ndiye mkwe," walisema. Mmoja tu, mtu wa kuja kutoka pwani, alisema, "Ndugu yangu, wewe nenda tu, mengine huko huko." Tulimwona hana adabu.

Nilienda kung'oa kioo ukutani. Nilikuwa nimekijenga vizuri mno. Niligonga saruji kwa patasi taratibu, taratibu, saa nzima, mbili, na nilipobakiza upande mmoja nikasikia kikilia, sauti ndogo tu, na ufa ukakimbia toka pembe hadi pembe. Nikakaa chini. Vipande vikanifuata mapajani.

Mtu mwenye akili angesema basi, Mungu amekataa, twende. Mimi nilikwenda kutafuta mbao.

Nilipata masanduku ya baruti, yale ya mbao nyepesi, nikayabomoa na kuunga bao moja. Jua la Jumatatu likazama hapo. Jumanne alfajiri nilirudia. Bao likawa pana kwa unene wa kidole, nikaliranda. Likaingia, lakini reli za kioo zilikuwa zimeoza kwa kutu, nikazitupa na kupiga bao skrubu kwenye mbavu za gari. Mbao zilikuwa na maandishi mekundu ya hatari, nikayafunika kwa kaniki. Mchana nikarudi nyuma kulitazama. Lilipendeza. Ila juu, chini ya dari, palibaki uwazi wa vidole viwili.

Vidole viwili tu! Mtu aliyekaa nyuma akiinua shingo angeona kisogo changu. Nikachukua ngozi mbichi, nikailoweka, nikaikata utepe, nikaukaza kwenye ule uwazi kwa misumari midogo, kama mke wangu alivyonifundisha. Ngozi mbichi ukiendesha nayo kabla haijakauka inavutika na kung'oka. Kulikuwa na mawingu. Nikakaa kwenye kigogo nikasubiri ngozi ikauke.

Nimepita mambo mengi maishani, lakini picha inayonijia kila siku ni hiyo. Mwanamume mzima amekaa kwenye kigogo, mkewe anakufa ng'ambo ya barabara, yeye anagusa ngozi kwa kidole kuona kama imekauka.

Jioni nilikwenda hospitali. Uso wake ulikuwa umevimba mpaka macho yakawa mistari. "Hujaondoka?" akauliza.

"Namalizia gari."

"Lina nini?"

Nikamweleza habari za kioo, bao, uwazi, ngozi. Nikadhani amelala. Kisha mdomo wake ukacheza, nikaona anataka kucheka. "Wewe mtu," akasema. "Nenda hivyo hivyo. Mwambie mayu afumbe macho, na wewe utazame njia."

Nikajua ni homa inasema. Kweli nilifikiri hivyo: mtoto mwenye akili timamu hawezi kumtakia mama yake aibu ile. Nikamwambia, "Kesho alfajiri na mapema." Akasema, "Haya." Hilo ndilo neno la mwisho nililolisikia kinywani mwake. Haya.

Jumatano nilitoka kabla ya jogoo. Sitaeleza njia, kila dereva wa masika anaijua. Nilikwama mara moja kabla ya Ushirombo, wakulima wakanisukuma. Kahama nililala ndani ya gari. Alhamisi, jua likiwa utosini, nilifika Samuye na springi zangu zote nzima.

Nilichutama nje ya uzio. Shemeji yake mama mkwe, mzee wa boma lile, alitoka kunipokea, nikamwambia yeye ili amwambie yule aliye ndani, ingawa aliye ndani alikuwa hatua tano tu na alisikia kila neno. "Mwambie mayu mtoto wake anaumwa. Anamwita."

"Mkwe wako anasema mtoto anaumwa, anakuita," mzee akarudia kwa sauti.

"Anaumwa sana?" ikaja sauti toka ndani.

"Anauliza, anaumwa sana?"

Nami nikasema maneno ambayo mtu huyasema. "Mwambie anaumwa, lakini asiwe na hofu. Gari lina kizuizi, atakaa peke yake kwa heshima zake."

Sikusema neno la daktari. Nilisema kizuizi.

Mama mkwe alihitaji kugawa kazi za boma, kutafuta wa kukamua, kusaga unga wa njiani. Sikumharakisha, mkwe hamharakishi mkwe. Tuliondoka Ijumaa alfajiri. Nilikwenda nyuma ya zizi nikageukia miiba mpaka niliposikia mlango wa gari umefungwa, ndipo nikaja kukaa mbele. Bao lilifanya kazi vizuri. Nilimsikia akikohoa tu, na mara moja akaimba kidogo kwa pumzi, wimbo wa kubembelezea mtoto. Kila tuliposimama nilitembea mbali porini na kuhesabu pumzi zangu, nisirudi mapema nikamkuta nje.

Kwenye kizuizi cha mbung'o, pale walipokuwa wakikagua magari yasibebe wale nzi wauao ng'ombe, mkaguzi alikuja na wavu wake. "Nyuma kuna nani?"

"Mama mkwe."

"Fungua nimtazame."

"Fungua wewe. Mimi siwezi kutazama."

"Huwezi kutazama gari lako mwenyewe?" Akaniona mwizi. Akasema bao litolewe, huenda nyuma yake kuna nzi. Nikamwambia, ukiligusa bao hilo nakupasua na spana. Loo, tuligombana! Mkubwa wake, mtu wa kwetu, alitoka kibandani, akachungulia, akaelewa, akamfokea yule kijana na kutupisha. Niliondoka kifua mbele. Nilihisi nimemtetea mama yangu. Ilikuwa Ijumaa, saa tisa au kumi alasiri.

Baadaye niliambiwa kwamba saa hizo ndizo alizokata roho.

Tulifika Jumamosi mchana. Nilipokata kona ya kambi nikaona watu wamekaa chini mbele ya nyumba yangu, kwenye ule ukuta wenye tundu, wanaume huku, wanawake kule. Walikuwa wamemzika asubuhi. Joto lile, na hakuna aliyejua nitafika lini, siwalaumu. Wenzangu wa karakana ndio waliochonga jeneza.

Bado sijazima injini. Mama mkwe wangu hakuweza kuona mbele, kizuizi changu kilimziba, lakini alisikia. Wanawake waliposikia gari walipaza kilio. Nikasikia kiganja kikipiga bao nyuma ya kichwa changu, mara moja, kwa nguvu, kisha mlango ukafunguka. Hakunipa nafasi ya kugeukia upande wowote. Alipita mbele ya gari, mkono juu ya boneti ya moto, akageuka kunitazama.

Nikamwona. Alikuwa na uso wa mke wangu. Macho yale, kidevu kile, mwanya ule wa meno ya mbele, kila kitu, ila umezeeka. Hakuna aliyekuwa ameniambia. Nililia nikiwa nimeshika usukani, nikalia kama ndama, na watu wakaja kunitoa.

Alikaa nasi mpaka matanga yakaisha. Siku hizo tulirudi kwenye desturi, yeye ndani na wanawake, mimi nje. Kaburini alikwenda peke yake asubuhi, mimi jioni. Nilimkuta amepanga mawe madogo kuzunguka udongo, nami nikaongeza yangu, hivyo tulijenga pamoja bila kuonana. Nilisikia wanawake wakisema bibi hali. Mimi nami sikuwa nakula. Sikumwambia mtu yeyote habari za Jumatatu na Jumanne, na wale walioniunga mkono karakana walianza kunikwepa macho, maana nao walihesabu kama nilivyohesabu. Yule mtu wa pwani peke yake alikuja kunishika bega. Hakusema kitu. Afadhali angesema.

Siku ya kumrudisha nilikwenda nyuma ya nyumba nikageukia ukuta, nikingoja kusikia mlango. Nikasikia. Nilipokuja, nilimkuta amekaa mbele.

Nikasimama. Watu walikuwa wakitazama. "Mayu," nikasema, nikitazama chini, "kiti chako kiko nyuma."

"Ingia, baba," akasema. "Aliyetufanya tuoneane haya amefukiwa pale. Sasa namwonea haya nani?"

Nikaingia. Nikawasha injini, tukaondoka. Alikuwa na harufu ya moshi na samli, harufu ya nyumba yangu ilivyokuwa. Tulipopita Ushirombo akaanza kusema, taratibu, huku anatazama njia, kwa Kisukuma cha zamani ambacho mke wangu alikuwa akikiiga kunichekesha.

"Hata siku ile ningekaa hapa," akasema. "Ungeniambia amezidiwa, ningekaa hapa. Ningekaa juu ya boneti. Kwani mtoto akiita, mtu anauliza kiti?"

Nikatazama njia.

"Wanawake wameniambia aliniita Jumatatu," akasema. "Wewe ulifika kwangu Alhamisi. Na njia nimeiona, si ya siku tatu. Ulikwama wapi, mwanangu?"

Hakuuliza kwa ukali. Aliuliza kama mtu anayetaka kujua tu, ili ajue jinsi ya kulisimulia boma likimuuliza. Ukweli ulikuwa mdomoni. Lakini ukweli wenyewe ulikuwa kwamba nilichelewa kwa ajili yake. Nilimpotezea mtoto nikimtengenezea mahali pa heshima ambapo yeye hakupahitaji, na nikisema hivyo, angerudi Samuye akijua kwamba heshima yake ndiyo iliyomnyima kumwona. Angelibeba hilo mpaka kufa. Ama pengine hayo ni maneno yangu ya kujifariji, pengine niliogopa tu uso ule usinichukie, uso wa mke wangu. Mpaka leo sijui. Yeye amekwisha kwenda, miaka mingi, na mpaka anakufa aliendelea kuniwekea mtindi nami kuunywa. Gari lile baadaye nililiacha likaozea kwetu Kishapu, sikuligusa tena kwa spana.

"Springi, mayu," nikasema. "Springi ilikatika."

Alitikisa kichwa polepole. Kisha akanyoosha mkono wake, ule ambao miaka saba sikuwahi kuuona, akaniwekea begani.

"Pole, baba," akasema. "Najua ulivyohangaika."

Nikasema, "Ahsante, mayu."